Je, ipo kompyuta isiyoingilika?

Ijumaa moja baada ya swala, mweka hazina wa chama chetu cha kufa na kuzikana alinishika mkono pale nje tunapovalia viatu, akanivuta pembeni. Ni mzee wa umri wa baba yangu, mtu wa maneno machache. Akaniambia: "Mwalimu, nina swali moja na nataka jibu la ndiyo au hapana. Hivi ipo kompyuta hapa duniani ambayo hawa wezi wa mitandaoni hawawezi kuiingia?"

Nikamjibu: "Haipo, mzee wangu."

"Sasa mbona yule kijana anasema ipo?"

Yule kijana ni muuzaji aliyefika kwenye kikao cha kamati akiwa na kompyuta mpya na programu ya kutunza kumbukumbu za wanachama. Aliwaambia wazee kwamba mashine yake haiingiliki, na kwamba wakiinunua waachane kabisa na madaftari, maana madaftari ni mambo ya kizamani. Kamati ikavutiwa. Kikao cha uamuzi kikapangwa baada ya wiki tatu, na mzee alitaka kujua asimame upande gani.

Nilimwahidi kumweleza kwa urefu, na nimeona maelezo yenyewe niyaandike hapa, kwa sababu najua si chama chetu peke yake chenye swali hili. Vikoba, shule, zahanati na maduka ya jumla, wote wanaambiwa wahamie kwenye kompyuta, na wote wanahakikishiwa usalama. Isitoshe, mimi mwenyewe nina deni katika jambo hili, na ni vizuri nikalitaja mapema ili msomaji ajue anazungumza na nani.

Miaka michache iliyopita chama chetu kilikuwa na kompyuta moja ya mtumba. Mimi ndiye niliyewashauri namna ya kuitumia. Niliwaambia kwa kujiamini kabisa: msiiunganishe na intaneti, na hapo mtakuwa salama. Wakanisikiliza. Zaidi ya mwaka mzima mashine ile haikuguswa na waya wala modemu. Kisha ukatokea msiba. Kijana wa katibu akaenda kwenye duka la steshenari kuchapisha tangazo, akarudi na flashi, akaichomeka ili baba yake alisome tangazo kabla halijabandikwa. Kesho yake mafaili yote ya chama yalikuwa yamebadilika majina, hayafunguki, na kwenye skrini kuna maandishi ya Kiingereza yakidai malipo kwa bitcoin. Katibu alidhani ni tangazo la biashara.

Haikupita miezi miwili akafariki mwanachama mwingine. Mjane wake alisema marehemu alikuwa amelipa michango yote. Wengine kwenye kamati walikumbuka kwamba alikuwa na deni la miezi minane, na kwa kanuni zetu mwenye deni la zaidi ya miezi sita familia yake hailipwi fungu kamili. Daftari la zamani lilikuwa limeishia mwaka uliotangulia, kwa sababu nilishawaambia hakuna haja ya kuandika mara mbili. Hakuna aliyeweza kuthibitisha lolote. Tulimzika ndugu yetu kwa mchango wa papo kwa papo, lakini mjane yule mpaka leo anaamini tulimdhulumu, na mimi sina karatasi ya kumwonyesha kwamba hatukumdhulumu. Au kwamba tulimdhulumu.

Tuanze na kufahamu kompyuta inaingiliwaje. Watu wengi wanamfikiria mdukuzi kama mwizi anayevunja kufuli kwa nondo. Sivyo. Kompyuta ni mtumishi mtiifu asiyemjua bosi wake kwa sura. Anatii maagizo, basi. Kazi ya mdukuzi ni kuifanya iyapokee maagizo yake kana kwamba yametoka kwa mwenye mashine. Sasa maagizo hayo, ambayo ndiyo tunayaita programu, huandikwa na binadamu mstari kwa mstari. Mfumo kama Windows una makumi ya mamilioni ya mistari. Hebu fikiria kitabu cha kurasa laki kadhaa kilichoandikwa na maelfu ya watu kwa zaidi ya miaka 30, halafu mtu akuambie hakuna kosa hata moja ndani yake. Katika makosa hayo, mengine ni ya kuudhi tu, na mengine ni matundu ya kuingilia.

Mtengenezaji akiligundua tundu hutoa kiraka. Lakini kiraka hakijishoni chenyewe. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kubwa la Windows. Mei 12 mwaka huohuo, karibu miezi miwili baadaye, kirusi kilichoitwa WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo na kushika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Hospitali za Uingereza zilirudisha wagonjwa majumbani. Na cha kushangaza zaidi, njia ya kulitumia tundu lile ilikuwa imetengenezwa na shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, NSA, ambalo lililijua tundu na kulikalia kimya kwa manufaa yake, kisha lenyewe likaibiwa. Yaani mwenye kushika ufunguo bandia wa nyumba za dunia nzima naye hakuweza kuulinda.

Turudi kwenye ule ushauri wangu wa kutounganisha na intaneti, maana sikuwa peke yangu niliyeuamini. Serikali ya Iran nayo iliuamini, tena ikiwa na wahandisi, askari na ukuta wa ardhi juu yake.

Katika eneo la Natanz, Iran ilijenga kiwanda cha kurutubisha urani, sehemu kubwa ikiwa chini ya ardhi. Ndani yake kulikuwa na maelfu ya mashine ndefu mfano wa mitungi, zinazozungusha gesi ya urani kwa kasi kubwa mno ili kutenganisha aina moja ya urani na nyingine. Mitungi hiyo iliendeshwa na vifaa vidogo vya kompyuta vilivyotengenezwa na kampuni ya Siemens ya Ujerumani, vifaa vilevile vinavyotumika katika viwanda vya kawaida duniani. Kompyuta za kiwandani hazikuunganishwa na intaneti. Kwa hesabu ya kawaida, mtu aliye nje hana njia.

Mwezi Juni 2010 kampuni ndogo ya Belarus inayotengeneza programu za kuzuia virusi ililetewa malalamiko na mteja wake aliyeko Iran: kompyuta inajizima na kujiwasha yenyewe. Walipochunguza wakakuta kirusi ambacho hawakupata kuona mfano wake. Baadaye kikapewa jina la Stuxnet. Kilikuwa kinasafiri kwa flashi. Ilitosha mtu afungue flashi na kutazama orodha ya mafaili, tayari kimeshaingia. Kilitumia matundu manne ya Windows ambayo Microsoft yenyewe ilikuwa haijayaziba. Na ili Windows ikiamini, kilijitambulisha kwa vyeti halali vya kampuni mbili za Taiwan, Realtek na JMicron, vilivyoibwa. Sawa na mwizi anayefika langoni akiwa na kitambulisho cha kweli cha mfanyakazi.

Kikiingia kwenye kompyuta ya kawaida hakikuharibu kitu. Kilitafuta kifaa cha Siemens cha aina maalumu, kilichounganishwa na mitambo ya aina maalumu, inayozunguka kwa kasi maalumu. Kikikosa, kinanyamaza. Kikipata, kinasubiri, halafu kinapandisha kasi ya mitungi kupita kiwango, kinairudisha, baada ya wiki kadhaa kinaishusha karibu kusimama, kinairudisha tena. Wakati huo kinaficha mabadiliko hayo, hivyo wahandisi walioketi mbele ya skrini wanaona kila kitu kiko sawa. Mitungi inapasuka, na hakuna anayejua kwa nini. Inakadiriwa kuwa takriban mitungi 1,000 iliondolewa kati ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010. Mwaka 2012 gazeti la New York Times liliandika kwamba kazi ile ilifanywa na Marekani na Israel kwa pamoja. Serikali hizo hazijakiri rasmi.

Msomaji anaweza kuliangalia tukio hili kwa jicho la siasa, na ana haki, maana kilichofanyika ni uharibifu ndani ya nchi ya watu bila vita kutangazwa. Mimi nilipolisoma kwa mara ya kwanza nililiona kwa jicho la siasa tu. Nilikuja kuliona kwa jicho jingine siku nilipoitazama ile skrini ya chama chetu. Wao waliletewa kirusi na dola zenye fedha zisizo na hesabu, sisi tulikichukua wenyewe steshenari, lakini mlango ulikuwa mmoja. Kompyuta isiyo na intaneti bado inahitaji kuletewa kazi, na anayeileta kazi ni mtu, na mtu ana mfuko wa kubebea flashi.

Basi atasema msomaji makini: sawa, tusichomeke flashi wala tusiunganishe intaneti, na programu zetu tuzikague wenyewe mstari kwa mstari. Hapo je?

Swali hili lilijibiwa zamani, tena na mtu ambaye ni miongoni mwa walioweka msingi wa kompyuta za leo. Ken Thompson, Mmarekani aliyebuni mfumo wa Unix pamoja na Dennis Ritchie, alitunukiwa tuzo ya Turing ya mwaka 1983, ambayo ndiyo heshima ya juu katika fani hii. Katika hotuba yake iliyochapishwa 1984 hakujisifu. Alionyesha namna ya kufanya hiana ambayo hakuna awezaye kuiona. Ni hivi: programu haiandikwi katika lugha ya mashine. Mtaalamu huiandika kwa lugha inayosomeka, halafu programu nyingine, tuiite mkalimani, huigeuza iwe lugha ya mashine. Thompson akasema, vipi kama mkalimani mwenyewe amefundishwa kwamba kila akipewa programu ya kukagua maneno ya siri, achomeke humo mlango wa siri? Ukiisoma programu yako huoni kitu, maana mlango unachomekwa wakati wa kukalimani. Utasema basi nitamkagua mkalimani. Thompson akaenda mbele zaidi: mkalimani naye ni programu, naye hukalimaniwa na mkalimani aliyemtangulia. Ukimfundisha huyo wa kwanza kurithisha hila kwa kila mkalimani anayemzaa, basi unaweza kuifuta hila kwenye maandishi yote, na bado ikaendelea kuishi kizazi hadi kizazi. Hitimisho lake lilikuwa kwamba huwezi kuiamini kwa ukamilifu programu ambayo hukuiandika yote wewe mwenyewe.

Na nani leo anaiandika yote mwenyewe? Anunue mchanga atengeneze na chipu?

Kwa miaka mingi wanafunzi wangu walikuwa wakiisikia hotuba hiyo kama hadithi ya kuchangamsha darasa. Halafu ikaja Machi 2024. Kuna programu ndogo ya kubana mafaili inayoitwa XZ, ambayo imo ndani ya kompyuta nyingi za mfumo wa Linux, na Linux ndiyo inayoendesha seva nyingi za intaneti. Programu hiyo ilitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea, bila mshahara, naye alikuwa amechoka. Mwaka 2021 akajitokeza msaidizi aliyejiita Jia Tan. Akafanya kazi nzuri, kwa adabu, zaidi ya miaka miwili, mpaka akakabidhiwa funguo. Alipokwisha kuzipata, akaingiza mlango wa siri kwa ustadi mkubwa. Nani hasa alikuwa nyuma ya jina lile haijajulikana. Kilichotuokoa ni mhandisi mmoja wa Microsoft, Andres Freund, aliyekuwa akifanya shughuli zake nyingine kabisa, akaona kwamba kuingia kwenye kompyuta yake ya majaribio kunachelewa nusu sekunde kuliko kawaida. Nusu sekunde. Mtu mwingine angekunywa chai yake akaendelea. Yeye akauliza kwa nini.

Sasa niseme kidogo juu ya hesabu, kwa sababu yule kijana muuzaji aliwaambia wazee kwamba programu yake "inagundua virusi vyote". Hilo halisemwi na mtu anayeijua fani. Mwaka 1936, kabla hata kompyuta za kisasa hazijaundwa, Alan Turing wa Uingereza alithibitisha kwamba haiwezekani kutunga utaratibu mmoja utakaoangalia programu yoyote ile na kusema bila kukosea kama itafika mwisho au itazunguka milele. Katika miaka ya 1980 Mmarekani Fred Cohen akajenga juu ya msingi huo na kuonyesha kwamba haiwezi kutungwa programu ya kutambua virusi vyote bila kukosea. Hili si suala la wataalamu kuwa bado hawajafika. Ni sawa na kutafuta namba shufwa ambayo ukiigawa kwa mbili inabaki moja. Programu za kuzuia virusi zinasaidia, mimi ninazo, lakini anayekuuzia kwa neno "vyote" anakuuzia kisichokuwepo.

Kuna upande wa pili wa hesabu nisiuache, nisije nikaonekana nimechagua mifano ya kutisha tu. Mwaka 2009 wataalamu wa Australia walikamilisha uthibitisho wa kihisabati wa kiini cha mfumo endeshi kiitwacho seL4: kwamba kinafanya kile hasa kilichoandikwa kwenye maelezo yake, bila pungufu. Ni kazi ya kuheshimiwa. Baadaye kiini hicho kiliwekwa katika helikopta isiyo na rubani nchini Marekani, wakapewa wadukuzi wa kukodi waijaribu, na hawakufanikiwa kuitwaa. Ila kina mistari ya msimbo takriban 8,700 tu, na kuithibitisha kuligharimu miaka ya kazi ya kundi zima la wataalamu. Pia uthibitisho ulichukulia kwamba chipu zenyewe ni timamu. Mwaka 2014 watafiti wakaonyesha kwamba katika chipu nyingi za kumbukumbu, ukiisoma safu moja mara nyingi mno kwa haraka, unaweza kugeuza sifuri kuwa moja katika safu ya jirani ambayo hukuigusa. Mwaka uliofuata wengine wakatumia jambo hilo kutwaa kompyuta nzima. Kwa hiyo hata ukuta uliothibitishwa umejengwa juu ya ardhi, na ardhi haikuthibitishwa.

Haya yote ni ya mashine. Lakini katika miaka zaidi ya 20 ya kufundisha kompyuta, ninaweza kuhesabu kwa vidole nilioona wakiibiwa kwa ufundi wa namna hiyo. Wengi wameibiwa kwa maneno. Nani hapa Tanzania hajapata ujumbe wa simu unaosema "ile pesa itume kwenye namba hii"? Aliyeuandika hakuingilia mtambo wa kampuni yoyote ya simu. Ametuma kwa watu wengi, akijua kwamba miongoni mwao hakosi mmoja ambaye muda huohuo alikuwa akisubiri namba ya kumtumia mtu pesa. Mfumo ulifanya kazi yake barabara: mwenye simu aliagiza, namba ya siri ilikuwa sahihi, pesa ikaenda.

Msidhani ni hila ya kuwanasa watu wa kawaida tu. Benki Kuu ya Bangladesh iliingiliwa hivyohivyo. Kwa mujibu wa mashtaka yaliyofunguliwa Marekani mwaka 2018 dhidi ya mtaalamu wa Korea Kaskazini, wadukuzi waliwaandikia wafanyakazi wa benki hiyo barua pepe za mtu anayeomba kazi, zikiwa na kiungo cha kufungua wasifu wake. Barua ya kuomba kazi! Ofisi gani haizipokei? Waliobonyeza walifungua mlango, na wageni wakakaa ndani muda mrefu wakijifunza namna benki inavyoagiza malipo. Mpelelezi wa polisi wa Bangladesh aliliambia shirika la habari la Reuters kwamba mtandao wa benki ulikuwa ukitumia swichi za mitumba za dola 10. Nilicheka niliposoma, kisha nikakumbuka kompyuta ya chama chetu nikaacha.

Usiku wa Alhamisi, Februari 4, 2016 wadukuzi wakatuma maagizo 35 kwenda Benki ya Akiba ya Marekani tawi la New York, ambako Bangladesh huweka fedha zake za kigeni. Jumla yake ilikuwa dola milioni 951. Siku waliichagua kwa hesabu: Ijumaa na Jumamosi ni mapumziko Bangladesh, Jumapili New York imefungwa, na Jumatatu ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina huko Ufilipino, ambako fedha zilikuwa zikielekea. Printa ambayo hutoa nakala ya kila muamala nayo waliifunga. Wafanyakazi waliokuta printa haifanyi kazi Ijumaa asubuhi walidhani ni ubovu wa kawaida wa printa.

Ni nini basi kilichookoa sehemu kubwa ya fedha hizo? Si programu ya kuzuia virusi. Tawi la benki ya Ufilipino lilikuwa katika mtaa uitwao Jupiter, na jina hilo lilifanana na jina lililokuwemo kwenye orodha ya vikwazo vya Marekani, hivyo maagizo mengi yakasimamishwa yaangaliwe. Na dola milioni 20 zilizokwenda Sri Lanka zilirudi kwa sababu mtumaji alikosea tahajia ya jina la taasisi ya kupokelea, karani wa benki ya katikati akaona neno halijakaa sawa, akauliza. Zilizopita ni dola milioni 81, na sehemu kubwa yake iliyeyukia kwenye makasino.

Nilipofika hapa katika maelezo yangu, mzee alinikatiza. Akasema: "Kumbe waliookoka wote, kuna mtu aliuliza."

Ndivyo. Mhandisi wa nusu sekunde aliuliza. Karani wa tahajia aliuliza. Wahandisi wa Natanz walisadiki skrini, na wafanyakazi wa Dhaka walisadiki kwamba printa ni mbovu. Kwa hiyo, ukiniuliza ulinzi wa kompyuta ni nini, sitakuambia ni ukuta usiopitika. Ni kumfanya mwizi atumie gharama kubwa kuliko atakachopata, ni kugundua mapema kwamba ameingia, na ni kuwa na mahali pa kurudia pale ulichonacho kinapoharibika. La kwanza wauzaji wanalipenda kwa sababu linauzika. Hayo mawili ya mwisho hayana duka.

Tukakaa basi na mzee, tukapiga hesabu ya chama. Tuna wanachama 214. Hakuna dola itakayotengeneza kirusi kwa ajili yetu. Adui yetu ni uchafu wa steshenari, kijana mwenye haraka, mtu anayejua neno la siri la katibu kwa sababu limebandikwa kwenye kioo cha kompyuta, na, tuseme ukweli, mmoja wetu mwenyewe anayeweza siku moja kutamani kubadilisha tarakimu. Kwa huyo wa mwisho kompyuta isiyoingilika haisaidii kitu, maana yeye yumo ndani tayari.

Mashine sikuipinga. Inasaidia kujumlisha, inasaidia kutafuta jina haraka usiku wa msiba. Nilichopinga ni kuachana na daftari. Nilimpendekezea mzee hivi: kompyuta inunuliwe, viraka vyake viwekwe kila vinapotoka, flashi za nje zisiguse mashine hiyo hata kama ni tangazo la msiba. Kila mwisho wa mwezi orodha nzima ya michango ichapishwe kwenye karatasi, isainiwe na watu wawili wasio wa nyumba moja, nakala moja ibaki kwa mweka hazina na nyingine kwa mwenyekiti. Nakala ya mafaili iwekwe kwenye diski ya nje ambayo ikishanakiliwa inachomolewa na kufungiwa, isiachwe imechomekwa, kwa sababu kirusi kikija kitaifunga na hiyo. Na kila baada ya miezi mitatu mtu mmoja achukue diski ile na kuifungua kwenye kompyuta nyingine aone kama kweli inafunguka. Hili la mwisho watu hulisahau. Nimeona ofisi yenye nakala za miaka minne ambazo siku ya shida hazikufunguka hata moja.

Na kila mwanachama apewe kijitabu chake, mchango ukiingia kinaandikwa mbele yake. Mzee alilipenda hili kuliko yote. Alisema zamani ndivyo walivyokuwa wakifanya, vijitabu viliachwa pale mimi nilipoleta kompyuta.

Sikuwa na la kujibu.

Kikao kimefanyika Jumapili iliyopita. Yule kijana muuzaji alikuwepo, na nilimuuliza mbele ya kamati: ikitokea mashine yako ikaingiliwa, mkataba unasema utatulipa nini? Akasema mkataba hauna kipengele hicho. Nikamuuliza kwa nini hauna, wakati mashine haiingiliki. Wazee wakacheka, naye akacheka, ni kijana muungwana. Wamenunua kompyuta, kwa bei waliyoipunguza kwa robo, bila ile programu ya "virusi vyote". Vijitabu 214 vimeshaagizwa. Cha kwanza, mzee ameomba kiandikwe kwa jina la marehemu, tarehe zote ambazo mashahidi wawili wanakumbuka walimwona akilipa, kisha kipelekwe kwa mjane wake. Mashahidi tumeanza kuwatafuta. Mpaka naandika makala hii tumepata miezi mitano.